Haraka Haina Baraka, na Ngoja Ngoja Huumiza Mapafu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya pumzi. Si pumzi ya mkimbiaji wala ya mwimbaji, bali ya mtoto njiti, yule anayezaliwa kabla ya siku zake kutimia, ambaye kiganja cha baba yake kinatosha kumbeba.

Tarehe 7 Agosti 1963 alizaliwa huko Massachusetts, Marekani, mtoto wa kiume mwenye uzito wa kilo 2.1. Alikuja majuma matano na nusu kabla ya siku zake. Muda mfupi baada ya kuzaliwa alianza kuhema kwa shida, kifua kikibonyea ndani kila alipovuta hewa. Alikimbizwa hospitali ya watoto mjini Boston, akawekwa ndani ya chumba cha chuma kilichojazwa oksijeni kwa mgandamizo mkubwa, maana hicho ndicho kilichokuwa kipya wakati huo. Aliishi saa 39 tu. Jina lake Patrick Bouvier Kennedy, na baba yake alikuwa Rais wa Marekani. Mwezi mmoja kabla, Julai 1963, baba huyo alikuwa amempokea Ikulu ya Washington Rais Julius Nyerere wa Tanganyika. Huyo ndiye mtu aliyekuwa na amri juu ya majeshi na maroketi, naye alikosa kitu cha kumpa mwanawe pumzi.

Ndugu zangu, leo mtoto wa majuma 34 mwenye kilo mbili, akizaliwa katika hospitali yenye vifaa, aghalabu huishi. Ni nini kilichobadilika? Na katika mabadiliko hayo, tulijifunza nini ambacho bado kinatuhusu sisi hapa? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya mapafu yetu mna mifuko midogo mno ya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na kila mfuko una unyevu ndani yake. Unyevu una tabia ya kujivuta pamoja, kama tone la maji linavyojikunja juu ya jani la mgomba. Mfuko wa hewa uliolowana ungependa kujifunga kila tunapotoa pumzi. Kinachouzuia ni utando wa mafuta unaotengenezwa na mapafu yenyewe, ambao kazi yake inafanana na ya sabuni ndani ya maji. Wataalamu huuita sarfaktanti. Mtoto huanza kuutengeneza kwa wingi katika majuma ya mwisho ya mimba. Anayezaliwa mapema hana wa kutosha, kwa hiyo kila pumzi kwake ni kama pumzi ya kwanza, nayo ni kazi nzito kuliko nguvu zake.

La kushangaza ni kwamba siri hii ilifumbuliwa kwa njia ya vita. Katika miaka ya 1950, Richard Pattle wa Uingereza na John Clements wa Marekani walikuwa wakifanya kazi katika maabara za jeshi zilizochunguza gesi za sumu. Pattle aliona kwamba povu linalotoka katika mapafu halipasuki upesi kama povu la kawaida, akajiuliza kwa nini. Mwaka 1959 daktari kijana, Mary Ellen Avery, pamoja na mwenzake Jere Mead huko Boston, walionyesha kwamba watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua walikosa utando huo. Kwa hiyo Patrick Kennedy alipokuwa akifa mwaka 1963, katika mji uleule wa Boston, sababu ilikuwa imekwisha kujulikana kwa miaka minne. Kujua ni jambo moja, na kutibu ni jambo jingine.

Kabla hatujafika kwenye tiba, nataka nirudi nyuma kidogo, kwa sababu huko nyuma kuna onyo. Katika miaka ya 1940 hospitali tajiri za Ulaya na Marekani ziliamua kwamba ikiwa oksijeni kidogo ni nzuri, basi nyingi ni nzuri zaidi. Watoto njiti wakawekwa ndani ya visanduku vya joto vilivyofungwa barabara na kujazwa oksijeni kwa siku nyingi. Wakapona. Lakini mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, akaandika juu ya upofu wa ajabu uliowapata watoto hao. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne, Australia, akatilia shaka oksijeni yenyewe, na miaka michache baadaye majaribio makubwa ya Marekani yakathibitisha hofu yake. Watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Mmoja wao, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950, ninyi nyote mmemsikia akiimba. Anaitwa Stevie Wonder.

Basi madaktari waliposhtuka wakaibana oksijeni kwa wote, na watoto wengine waliokuwa wakiihitaji wakafa. Angalieni hapo. Kosa la kwanza lilikuwa kutoa bila kupima, na la pili likawa kunyima bila kupima. Makosa hayo yanaonekana kupingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa turudi kwenye mashine. Baada ya kifo cha Patrick, fedha na akili vilielekezwa kwenye chumba cha watoto wachanga. Mashine za kupumulia zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima zikapunguzwa ziwafae watoto. Mrija mwembamba unapitishwa kinywani au puani mpaka kwenye koo la hewa, na mashine inasukuma pumzi ndani. Katika miaka ya 1960 watoto wa kwanza waliosaidiwa hivyo walianza kutoka hospitalini wakiwa hai. Ilikuwa furaha kubwa, lakini haikudumu bila doa. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa chuo cha Stanford, California, walieleza ugonjwa mpya ambao haukuwapo kabla ya mashine. Mapafu ya watoto waliokaa muda mrefu kwenye mashine yalikuwa yamejaa makovu. Pumzi iliyosukumwa kwa nguvu pamoja na oksijeni kali vilikuwa vimewaokoa na kuwajeruhi kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo likazaliwa swali ambalo hadi leo linawanyima usingizi madaktari na wauguzi wa watoto njiti: mrija utolewe lini? Sisi Waswahili tunalo neno zuri. Mama humwachisha mtoto ziwa. Vivyo hivyo daktari humwachisha mtoto mashine. Na kila mama anajua kwamba kuachisha kuna wakati wake.

Ukiwahi, mtoto anachoka, mapafu yanajifunga, na mrija inabidi urudishwe kwa haraka, jambo ambalo ni hatari na la mateso. Kwa watoto wadogo kabisa, karibu mmoja kati ya watatu hushindwa baada ya kutolewa mrija na kulazimika kurudishiwa. Ukichelewa, kila siku inayopita inaongeza makovu, na ule mrija ni njia ya wazi kwa wadudu wa maradhi kuingia mapafuni. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini wahenga haohao, kwa kuwa walijua maisha hayana upande mmoja, walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kitandani kwa mtoto njiti methali hizi mbili zinasimama pamoja, na daktari anasimama katikati yake.

Kwa miaka mingi alisimama pale na vitu vichache mkononi. Alitazama kifua, akasikiliza, akapima damu, akasoma namba za mashine, akapiga picha ya eksirei. Eksirei ni msaada mkubwa, lakini inatumia mionzi, na haifai kupigwa kila saa kwa mtoto ambaye mwili wake wote ni mdogo kama mkate. Tena inaonyesha hali ya dakika ile tu, nayo mapafu ya mtoto njiti hubadilika asubuhi hadi jioni.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili wa hadithi yetu, Ian Donald. Alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akasoma kwa miaka kadhaa Cape Town, Afrika Kusini, kisha akawa daktari wa uzazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga, akaona jinsi mawimbi yanavyoweza kutumwa, yakagonga kitu na kurudi na habari. Baada ya vita alishughulika sana na watoto wachanga walioshindwa kupumua, hata akaunda vyombo vya kuwasaidia. Kisha akahamia Glasgow, na mwaka 1955 akaenda kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke, ambako mafundi walitumia mawimbi ya sauti isiyosikika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Alibeba vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavijaribu kwa mashine ile. Mwaka 1958, yeye na John MacVicar na fundi Tom Brown walichapisha picha za kilichomo tumboni zilizopatikana kwa sauti. Hiyo ndiyo altrasaundi, ambayo leo mama wajawazito wa miji yetu wanaijua kama wanavyojua mizani ya kliniki.

Ajabu ni hii. Mtu aliyewaundia watoto vyombo vya kupumulia ndiye aliyetuletea altrasaundi, lakini vitu hivyo viwili vilipita miongo mingi bila kukutana. Sababu ilikuwa rahisi. Sauti ya altrasaundi hupita vizuri katika maji na nyama, lakini ikikutana na hewa inarudishwa karibu yote. Na mapafu ni nini kama si hewa? Vitabu vya udaktari vikafundisha kwamba altrasaundi haina kazi mapafuni, wanafunzi wakaandika hivyo kwenye mtihani, na mambo yakaishia hapo.

Katika miaka ya 1990 daktari wa wagonjwa mahututi huko Paris, Daniel Lichtenstein, hakuridhika. Aliona kwamba hata kama mapafu yenyewe hayaonekani, yale makorokoro yanayotokea kwenye kioo yana maana. Pafu lenye hewa safi huonyesha mistari ya kulala, mmoja chini ya mwingine, kama ngazi. Pafu lililoingiwa na maji huonyesha mistari ya kusimama, inayoshuka kutoka juu hadi chini kama miale ya taa wakati wa ukungu. Kadiri maji yanavyozidi, ndivyo miale inavyoongezeka, hadi kioo chote kinakuwa cheupe. Na pafu lililojifunga kabisa huonekana kama ini. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya miale hiyo. Kile ambacho wengine walikiita takataka za mashine, yeye alikisoma kama barua.

Mtoto njiti, kumbe, ndiye mgonjwa anayefaa kuliko wote kwa kazi hii. Kifua chake ni chembamba, hana mafuta ya kuizuia sauti, na pafu lake liko karibu na ngozi. Mwaka 2008 madaktari wa Italia, Roberto Copetti, Luigi Cattarossi na wenzao, walieleza jinsi ule ugonjwa uliomuua Patrick Kennedy unavyoonekana kwa altrasaundi: weupe pande zote mbili. Mwaka 2015 kundi la madaktari wa Ufaransa likachapisha njia ya kutoa alama. Kila pafu linagawanywa sehemu tatu, na kila sehemu inapewa alama kuanzia 0 mpaka 3. Sifuri ni pafu lenye hewa safi, na tatu ni pafu lililojifunga. Jumla ya juu kabisa ni 18. Hospitali nyingine hugawa sehemu zaidi, lakini fikra ni ileile.

Alama hizo kwanza zilitumika kuamua nani apewe dawa ya sarfaktanti. Maana dawa nayo ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliwatibu watoto kumi kwa utando uliotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe, na wakaanza kupumua vizuri. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 dawa za namna hiyo ziliruhusiwa kuuzwa Marekani. Kisha wataalamu wakajiuliza: ikiwa alama zinatuambia nani anaanza vibaya, je, haziwezi kutuambia nani yuko tayari kuachishwa mashine?

Majibu yaliyokusanywa tangu hapo katika nchi mbalimbali yanaelekea upande mmoja. Kabla ya kutoa mrija, daktari hupaka mafuta ya uvuguvugu, huweka kichwa kidogo cha mashine kifuani, na kwa dakika chache huhesabu. Mtoto mwenye alama ndogo kwa kawaida ana bahati kubwa zaidi ya kubaki nje ya mashine kuliko yule mwenye mapafu meupe. Hakuna mionzi, na uchunguzi unaweza kurudiwa kesho, na kesho kutwa, bila kumwondoa mtoto kitandani.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Hakuna namba moja iliyokubaliwa duniani kote, kwamba hapa utoe na pale ungoje. Tena mapafu ni sehemu tu ya kupumua. Mtoto anaweza kuwa na mapafu safi, lakini ubongo wake mchanga ukasahau kuagiza pumzi. Kwa hilo dawa yake mtaicheka, maana ni kafeini, ileile iliyomo katika kikombe chenu cha kahawa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopewa kafeini waliacha mashine mapema zaidi, na mapafu yao yaliumia kidogo. Altrasaundi haioni usahaulifu wa ubongo, wala uchovu wa misuli, wala homa inayokuja kesho. Inaona mapafu. Ni shahidi mmoja mzuri, na hakimu mwema hasikilizi shahidi mmoja.

Najua wako wanaouliza: haya ya Paris na Boston yanatuhusu nini, sisi ambao hospitali zetu nyingi hazina hata mashine moja ya kupumulia kwa watoto wachanga? Swali ni la haki, na nitalijibu kwa mifano ya kwetu.

Mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco alionyesha kwamba watoto wengi wanaweza kusaidiwa kwa hewa yenye mgandamizo mdogo unaozuia mifuko ya pafu isijifunge, bila mashine kuwapumulia. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 waliishi. Njia hiyo leo inatumika kwa mrija mfupi wa puani na chupa ya maji yanayochemka povu. Huko Blantyre, Malawi, chombo cha bei nafuu, ambacho mfano wake wa mwanzo ulitumia pampu za matangi ya samaki, kilijaribiwa kwa watoto wachanga wenye shida ya kupumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya waliotibiwa kwa chombo hicho asilimia 71 waliishi, na kati ya waliopata oksijeni ya kawaida waliishi asilimia 44. Na kila mtoto anayewekewa chombo kama hicho, siku moja lazima aachishwe. Swali la lini linabaki lilelile.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Tangu mwaka 1972, Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walipoonyesha kwamba sindano kwa mama hukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni, sindano hizo zimeokoa maisha mengi. Lakini mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa wa nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, ambamo sindano zilifikishwa hadi vituo vidogo, mahali ambapo umri wa mimba mara nyingi haukujulikana kwa hakika. Kwa jumla vifo vya watoto wachanga havikupungua, bali viliongezeka. Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, utafiti mwingine wa nchi tano, Kenya ikiwamo tena, ulifanyika katika hospitali zenye uwezo wa kuwatunza watoto, na umri wa mimba ukahakikishwa kwa altrasaundi. Safari hii vifo vilipungua. Dawa ni jamii ileile. Kilichotofautiana ni mahali pa matunzo, na macho ya kuona nani anaihitaji.

Ndugu zangu, mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa duniani kabla ya wakati, yaani karibu mmoja kati ya kumi. Wengi wa wanaokufa ni wa nchi kama zetu. Mashine za altrasaundi zimekwisha ingia katika hospitali zetu nyingi kwa ajili ya wajawazito. Zinapita mlangoni mwa wodi ya watoto njiti kila siku. Kinachopungua mara nyingi ni kichwa kidogo cha kumfaa mtoto, na zaidi ya hicho, mtu aliyefundishwa kusoma miale ile usiku wa manane, wakati bingwa yuko nyumbani kwake. Kufundisha muuguzi au daktari kijana hakuhitaji jengo jipya wala sherehe ya kukata utepe. Labda ndiyo maana hatukusikii kukisemwa majukwaani.

Wala tusidharau la bure. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu visanduku vya joto havikutosha. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba mtoto akiwekwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atulie, vifo hupungua: 12 katika kila 100, badala ya karibu 16. Hapo kungoja ndiko kulikokuwa kukiua, na hakuna aliyejua mpaka ilipopimwa.

Basi mkiona kwenye habari hospitali fulani imepewa mashine mpya, mbunge akipeana mikono na mfadhili, shukuruni, kisha ulizeni maswali mawili. Nani amefundishwa kuitumia? Na nani amefundishwa kujua siku ya kuizima? Mtoto wa rais alikufa kwa sababu dunia nzima haikuwa na tiba. Wa kwetu akifa leo, hatuwezi tena kuisingizia dunia.

Haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza. Kati ya hizo mbili hakuna njia nyingine ila kutazama kwanza.